Unataka kumtembelea mwanao Uingereza? Anza na stetimenti, tiketi itafuata

Septemba 1959, ndege ya wanafunzi iliyopangwa na Tom Mboya, mwana wa Rusinga, iliondoka Nairobi kuelekea Marekani ikiwa na vijana 81. Wazazi walibaki nyumbani wakisubiri barua. Kwa wengi wao, kumfuata mtoto huko ili wamwone akihitimu halikuwa jambo hata la kuota.

Leo mambo ni tofauti. Mwanao yuko Coventry au Manchester, mnaonana kwa video kila Jumapili, na sasa anasema, "Mama, mahafali ni Julai. Njooni." Mzazi wa Homa Bay au Migori anaweza kwenda. Lakini wateja wetu wengi huanza kwa kuuliza bei ya tiketi, na sisi tunaona swali la kwanza liwe lingine: pesa yako imeandikwa wapi?

Afisa wa viza hakujui

Tuchukue mfano wa mama anayeuza omena Mbita. Alfajiri ananunua kwa wenye mashua, jioni ameshauza, analipa chama, kesho anaanza tena. Huenda anashika pesa nyingi kuliko jirani yake mwenye mshahara, ila karibu yote ni noti mkononi. Akaunti yake ya benki ina shilingi elfu tatu. Halafu wiki mbili kabla ya kuomba viza, familia inafanya harambee na shilingi 400,000 zinaingia kwa mkupuo mmoja.

Kwetu huo ni upendo. Kwa afisa asiyemjua mama huyu, hiyo inaonekana kama pesa ya kuazima ili akaunti ipendeze. Anataka kuona ilikotoka, na kama una sababu ya kurudi nyumbani. Akikosa jibu kwenye karatasi, anakataa. Na ukikataliwa, ada hairudi. Ada ya viza ya Uingereza ya kutembelea hadi miezi sita ilipanda kutoka pauni 115 hadi pauni 127 Aprili 2025, kwa kila mtu, kwa hivyo baba na mama wakikosa pamoja ni pesa ya ng'ombe imeenda.

Ndiyo maana tunasema anza angalau miezi sita mapema. Wateja wako wakulipe kwa simu hata kama ni mia mbili. Usitoe yote siku hiyo hiyo. Kila wiki peleka kiasi benki au kwenye sacco. Akaunti ya simu yenyewe haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000, na huwezi kutuma zaidi ya 250,000 kwa mara moja, kwa hivyo akiba ya safari haifai kulala huko. Stetimenti ya simu ionyeshe biashara inatembea, ya benki ionyeshe akiba inakua. Zote mbili zikisimulia hadithi moja, umefanya kazi kubwa.

Kwa wenzetu wa Migori wanaouza miwa Awendo au tumbaku kule Kuria, pesa huja kwa vipindi. Si shida. Weka risiti ya kila malipo, tarehe yake ilingane na ile ya kwenye stetimenti. Harambee pia si dhambi, ila ifanyike mapema, ipitie namba moja, na kamati iandike barua yenye orodha ya waliochanga.

Majina nayo yana mambo yake

Hapa kwetu mama ni Akinyi, baba ni Ouma, mtoto ni Otieno. Sisi tunaelewa. Mtu aliyezoea familia nzima kutumia jina moja atajiuliza kama kweli ni mtoto wenu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto ndicho kinachowaunganisha, basi kiangalie leo: je, jina lako pale ni sawa na la kitambulisho na pasipoti? Kama herufi zimepishana, rekebisha au tafuta hati ya kiapo kwa wakili kabla hujalipa chochote. Mwanao naye atume barua ya mwaliko na barua ya chuo inayothibitisha kwamba anasoma hapo.

Lipa mahali panapostahili

Kuvuka Isebania kwenda Sirari kwa pasi ya muda tumezoea, lakini safari hii inataka pasipoti kamili. Ya kurasa 34 ni shilingi 7,550, unaomba kupitia eCitizen na kulipa kwa Paybill 222222, kisha unaenda kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Ofisi za karibu ni Kisumu na Kisii. Ajenti akikuambia utume "ya kuharakisha" kwa namba yake binafsi, usitume. Mwaka 2023 tuliona wazazi wa Uasin Gishu wakiandamana kudai pesa walizolipa kwa mpango wa masomo ya Finland na Canada.

Viza ya Uingereza huombwa miezi mitatu kabla ya safari, si zaidi, na jibu kwa kawaida huchukua kama wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole Nairobi. Tiketi usilipie kabla ya jibu. Kama mtoto yuko Ujerumani au Finland, utahitaji viza ya Schengen: ada euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kama yuko India, usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kabla ya kuondoka, washa huduma ya laini yako kufanya kazi nje ya nchi, ili ujumbe wa benki ukufikie. Mtu wa kuangalia nyumba mtumie pesa kidogo kidogo ukiwa huko. PIN yako usimwachie, hata kama ni kaka yako wa tumbo moja.

Na mizigo: nyama na maziwa kutoka Kenya haviruhusiwi kuingia Uingereza. Kuhusu omena za mtoto, soma masharti ya forodha kwanza kabla hujazifunga.