Neno Tumbako Lilikotoka

Neno tumbako twalitamka kila siku, nasi twadhani ni letu. Asili yake ni mbali, katika visiwa vya Karibi, kwa watu waitwao Wataino. Mwaka 1492 mabaharia wa Columbus waliwaona huko Kuba wakivuta moshi wa majani. Mhispania Oviedo aliandika mwaka 1535 ya kuwa tabaco si jina la mmea, bali la mwanzi wa panda uliotiwa puani kuvutia moshi. Wahispania na Wareno wakalieneza neno hilo, hata likavuka Bahari ya Hindi. Lakini Wataino walio wengi walikufa kwa maradhi na kazi za shuruti. Basi tulitajapo, tuwakumbuke wenyewe.