Je, Wajua? Nyangumi Ndani ya Maneno 300

Je, wajua kwamba kongamano kubwa la wataalamu wa mamalia wa baharini lina umri mkubwa kuliko chama kinacholiandaa? Watafiti walikutana kwa mara ya kwanza Santa Cruz, California, mwaka 1975, na chama chao, Society for Marine Mammalogy, kikaundwa mwaka 1981. Kwa kawaida hukutana kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2007 zamu iliifikia Afrika, wakakusanyika Cape Town. Mwaka 2019 walikuwa Barcelona pamoja na wenzao wa European Cetacean Society, na mwaka 2024 wakaenda Perth, Australia.

Je, wajua kwamba dubu wa barafu naye ana nafasi katika mkutano huo? Nyangumi, pomboo, sili na nguva kila mtu anawatarajia. Dubu huyu anahesabiwa pamoja nao kwa sababu riziki yake inatoka baharini.

Je, wajua kwamba anayetaka kuzungumza huko hupimwa kwanza kwa aya moja? Aya hiyo ndiyo ikisiri, mara nyingi isiyozidi maneno 250 au 300, na hutumwa miezi mingi kabla ya mkutano. Wahakiki wanaoisoma wana rundo la nyingine zinazowasubiri. Hawatakupigia simu kuuliza ulikuwa na maana gani.

Na je, waijua sentensi inayoangusha ikisiri nyingi? Ni hii: "Matokeo yatajadiliwa mkutanoni." Mwandishi anadhani anawatia watu hamu. Mhakiki anaelewa kwamba matokeo hayapo, au kwamba data bado haijachambuliwa. Kama unayo matokeo, yaandike papo hapo, pamoja na namba zake.

Mfano mzuri uko hapa kwetu. Je, wajua kwamba nyangumi nundu dume mmoja alipigwa picha katika pwani ya Kolombia upande wa Pasifiki, mwaka 2013 na tena 2017, kisha mwaka 2022 akaonekana katika Mkondo wa Zanzibar? Umbali kati ya Kolombia na Zanzibar, kwa njia fupi kabisa, ni kilomita 13,046, na utafiti huo ulichapishwa Desemba 2024. Tazama jinsi habari nzima ilivyoenea katika sentensi mbili: mnyama gani, wapi, lini, umbali gani. Msomaji hajaambiwa kwamba jambo hilo ni la ajabu, wala hahitaji kuambiwa. Linalobaki kwa ikisiri ni kueleza alitambuliwaje (kwa alama za upande wa chini wa mkia wake, ambazo hazifanani kwa nyangumi nundu wowote wawili) na kwa nini ugunduzi huo una uzito: wanasayansi wamezoea kuona nyangumi hawa wakirudi kuzaliana katika maeneo yaleyale, na huyu alivuka kutoka bahari moja hadi nyingine. Ningempa mwanafunzi anayeanza habari hii aikunje hadi maneno 300, kisha 150, kisha 50, aone kipi hakikatiki.

Je, wajua kwamba kuna makala ya fizikia, iliyochapishwa mwaka 2011, ambayo ikisiri yake ina maneno mawili tu? Kichwa chake kilikuwa swali, na ikisiri ikajibu kwamba huenda sivyo. Kwa pomboo usijaribu. Ila ule moyo wa kulijibu swali lako mwenyewe uige.

Je, wajua kwamba jina la kisayansi lililokuwa sahihi mwanzoni mwa karne hii linaweza kukuaibisha leo? Maandishi ya zamani kuhusu pomboo wenye nundu wa Zanzibar na Kenya yanamwita Sousa chinensis. Mwaka 2014 jenasi hiyo ilipangwa upya katika spishi 4, na wa kwetu ni Sousa plumbea, ambaye tangu 2017 yumo katika orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka. Anayenakili jina la zamani anamhamishia mnyama wetu kwenye kundi lenye hali tofauti. Society for Marine Mammalogy hutunza orodha rasmi ya majina na kuipitia mara kwa mara. Ifungue kabla ya kubonyeza "tuma".

Je, wajua kwamba "tuliona pomboo wengi" ni maneno matupu kwa mhakiki? Atauliza: kwa saa ngapi baharini? Chombo kilipita njia gani? Bahari ilikuwaje? Hilo la mwisho lina uzito mkubwa katika pwani yetu. Nyangumi nundu hutufikia hasa kati ya Julai na Oktoba, wakati kusi linavuma. Kwenye kipimo cha Beaufort, mapovu meupe huanza kutawanyika juu ya maji katika daraja la 3, na hapo pezi dogo la pomboo hupotea machoni hata kwa nahodha mzoefu. Hivyo, siku ambayo hakuna aliyeonekana haina maana kwamba hawakuwapo. Taja saa zako na hali ya bahari, hata kama itakubidi ufute sentensi nzuri ya utangulizi.

Je, wajua kwamba usuli wa sentensi moja unatosha? Mhakiki aliyeko Halifax huenda hajui kwamba wavuvi wa Kizimkazi, Zanzibar, waliwahi kuwavua pomboo kwa ajili ya chambo cha papa, kabla watalii hawajaanza kumiminika miaka ya 1990. Mwambie hilo tu, uendelee.

Sasa ikisiri imekubaliwa. Je, wajua kwamba ukiupigia ukumbi sauti ya nyangumi buluu kama ilivyo, huenda watu wasisikie chochote? Sikio la binadamu huanzia kwenye hezi 20 hivi, na miito mingi ya mnyama huyu iko karibu na hapo au chini yake. Spika za kompyuta ndogo haziwezi kabisa kuitoa. Kwa hiyo wawasilishaji huikimbiza rekodi, kwa mfano mara 10, ndipo isikike. Kwa pomboo ni kinyume: milio yake mikali ya kutafutia windo hupita kilohezi 100, wakati sikio letu, hata la kijana, hukomea 20, basi lazima ipunguzwe kasi. Vyovyote utakavyofanya, waambie wasikilizaji umebadilisha mara ngapi. Asiyesema anawaacha watu waondoke na sauti ambayo mnyama hajawahi kuitoa.

Wimbo wa nyangumi nundu hauhitaji hila hiyo, sikio linaudaka vizuri. Je, wajua kwamba Januari 1979 jarida la National Geographic liliweka sahani ya sauti hizo ndani ya toleo lake, nakala milioni 10.5? Rekodi hizo zilitokana na kazi ya Roger Payne, ambaye albamu yake ya mwaka 1970 iliwafanya watu wa kawaida wadai uvuaji wa nyangumi ukome. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikapitisha usitishaji wa uvuaji wa kibiashara. Huo ndio uwezo wa kuusikilizisha umma kitu chenyewe badala ya kuwasomea jedwali.

Je, wajua kwamba karatasi ya A0, inayotumika sana kwa mabango, ina eneo la mita moja ya mraba? Ni sentimita 84.1 kwa 118.9, yaani ndogo kuliko kanga. Na kama kanga, bango nalo linataka jina lake lisomeke na mtu anayepita bila kusimama. Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa akisomea uzamivu Marekani, alieneza mtindo unaoweka tokeo kuu katikati kwa herufi kubwa na lugha nyepesi, kisha takwimu pembeni. Wapo wasioupenda mtindo huo. Mimi naupenda, hasa kwa anayewasilisha kwa lugha isiyo yake. Bango lenyewe lichapishe juu ya kitambaa, ulikunje ndani ya begi, usihangaike na mrija mrefu uwanja wa ndege.

Je, wajua kwamba programu ya PowerPoint ilitoka mwaka 1987, kwanza kwa kompyuta za Macintosh? Kabla ya hapo watafiti wengi walisafiri na slaidi za filamu, na kosa la tahajia lililogunduliwa hotelini halikuwa na dawa. Kodak waliacha kutengeneza projekta za slaidi hizo mwaka 2004.

Je, wajua kwamba miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini, karibu 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani? Katika ukumbi kama ule wa Barcelona hao ni wengi. Ramani yako yenye nukta nyekundu za pomboo na kijani za majarife, kwao ni nukta za rangi moja. Tumia buluu na chungwa, au ubadilishe maumbo.

Je, wajua kwamba jino moja la pomboo linaweza kukufikisha mikononi mwa forodha? Nyangumi na pomboo wote wamo katika Kiambatisho cha I au cha II cha mkataba wa CITES, na nguva yumo katika cha I. Kuvuka mpaka na jino, mfupa au kipande cha ngozi kunahitaji vibali. Beba picha. Kibali cha utafiti wenyewe nacho, cha COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, kiwe mkononi kabla ya boti kung'oa nanga, kwa sababu makongamano mengi hukutaka uthibitishe kwamba kazi yako ilifuata sheria na maadili.

Je, wajua kwamba si lazima uanzie mbali? WIOMSA, chama cha sayansi ya bahari cha Bahari ya Hindi Magharibi, kilianzishwa mwaka 1993 na makao yake yako Zanzibar. Kongamano lake limewahi kufanyika Mombasa mwaka 2011 na Dar es Salaam mwaka 2017. Pale unaweza kuulizwa maswali na mtu anayelijua kusi.

Na ukienda mbali: je, wajua kwamba ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari? Siku ile barua ya kukubaliwa inapofika, omba barua ya mwaliko, na ukate miadi ya ubalozi kabla hujafungua slaidi ya kwanza.