Rejeta Nje ya Kasha

Kila mwanafunzi aliyesafiri kwa njia ya Bugarama ameyaona malori ya saruji yakipanda mlima polepole. Mara nyingine huliona moja limesimama kando ya njia, boneti wazi, mvuke unatoka kama chungu cha maharagwe, na utingo amekaa juu ya jiwe akingoja injini ipoe. Watu husema limekosa maji. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi maji yamo. Kilichokosekana ni upepo. Lori linakwenda pole, injini inafanya kazi nzito, na rejeta haipati hewa ya kutosha ya kupokea joto lake. Nakuomba, ndugu msomaji, uishike picha hiyo, kwa maana kompyuta yetu kubwa ilipatwa na ugonjwa wa namna hiyo mwezi wa Juni, ikiwa imekaa tu juu ya meza.

Kwa faida ya kaka zetu waliokwisha kuondoka shuleni, yafaa nieleze kompyuta hiyo ni ipi. Ni zawadi ya mmoja wenu, aliyeitumia kwanza Kigali kwa kazi ya kuchora ramani za majumba. Hapa shuleni ndiyo iwekayo masomo yote, na zile ndogo zilizomo chumbani huyachota kwake kwa waya. Ikizimika hiyo, zote hubaki kama wanafunzi wasio na mwalimu. Nayo ilianza kuzimika kila mchana, kiangazi, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa wa mwaka wa sita.

Kompyuta hiyo haipozwi kwa feni peke yake, bali kwa maji. Juu ya prosesa, yaani ubongo wake, kimebanwa kipande cha shaba chenye mifereji myembamba ndani. Pampu ndogo huyasukuma maji yapite katika mifereji hiyo, yachukue joto, yafuate mpira mpaka kwenye rejeta, yapoe, yarudi katika tangi dogo, na safari huanza tena. Rejeta yenyewe ni kama ya gari, ila ni ndogo: urefu wake watosha feni mbili tu, kila moja ya sentimita 12.

Kwa nini maji? Kwa sababu maji ni mchukuzi hodari. Lita moja ikipita kila dakika na kupewa joto la wati 150, maji yatapanda kwa nyuzi 2 hivi tu. Ukitaka hewa ichukue joto hilo kwa kupanda nyuzi hizo hizo, itakubidi upitishe zaidi ya lita 3,000 kila dakika.

Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikuwa mmoja wao. Maji hayaliui joto. Hulitoa mahali padogo na kulipeleka mahali papana, na mwisho wa safari ni hewa vile vile. Tena rejeta haiwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa inayopita kati ya mapezi yake, hata uiwekee feni kumi. Basi swali la kwanza si ukubwa wa rejeta. Swali ni hili: inavuta hewa gani?

Yetu ilikuwa imefungwa ndani, chini ya paa la kasha. Feni zake zilivuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na kadi ya picha, sanduku la umeme na diski, ndipo zikaisukuma nje. Siku moja, saa nane mchana, niliazima kipimajoto cha maabara. Hewa ya chumbani ilikuwa nyuzi 29. Hewa ya ndani ya kasha, karibu na rejeta, nyuzi 41. Maji ya tangini, nyuzi 51. Tazama vizuri: rejeta ilikuwa ikifanya kazi yake bila kosa, maana maji yalizidi hewa yake kwa nyuzi 10 tu. Kosa ni kwamba ilipewa hewa ya moto tangu mwanzo.

Kuna na jambo la mwinuko. Bonde la Bugarama liko kwenye mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo ndilo mahali pa chini kuliko pote katika Rwanda. Sisi tuko juu zaidi kwa mamia ya mita. Penye mita 1,500 hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu 14 katika 100 kuliko pwani, na feni ile ile ikizunguka kwa mwendo ule ule huchukua joto kidogo zaidi kuliko ambavyo ingechukua Mombasa. Kwa hiyo sisi watu wa milimani, hewa yetu ina ubaridi lakini ni chache.

Kabla ya kukata bati lo lote tulifanya lililo rahisi, nalo ni kusafisha vumbi. Vumbi jekundu la kiangazi lilikuwa limelala juu ya mapezi kama blanketi. Baada ya hapo mashine haikuzimika tena, bali kila mchana ilipunguza mwendo yenyewe, kwa kuwa prosesa nyingi za siku hizi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kazi zisiungue. Kama yako imepona kwa brashi, ndugu yangu, ishia hapo. Kazi inayofuata ni ya mtu aliyekosa njia nyingine.

Wazo la kuitoa rejeta nje si langu. Mashine kubwa za IBM za miaka ya 1960 zilikuwa na nyingine zilizopozwa kwa maji. Vijana wa Ulaya na Marekani walipoanza kupoza kompyuta zao za mezani kwa maji, wengi walitumia rejeta ndogo ya gari, ile ipashayo joto ndani wakati wa baridi, nao waliifunga po pote ilipoenea. Baadaye viwanda vilitengeneza rejeta za kukaa nje makusudi: Zalman wa Korea waliuza mnara wa alumini uitwao Reserator, usio na feni, na Watercool wa Ujerumani wakatengeneza MO-RA, rejeta pana inayobeba feni tisa. Makasha mengi ya wakati huo yalitobolewa matundu mawili nyuma, yenye mpira kandokando, kwa ajili ya mabomba hayo. La kwetu halikuwa nayo.

Mfano wa kufuata, hata hivyo, ulikuwa karibu zaidi. Hapa Mibirizi ndipo wamisionari walipopanda mibuni ya kwanza ya nchi hii, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na iko aina ya kahawa inayoitwa Mibirizi mpaka leo. Kahawa iliyooshwa haianikwi chini. Huanikwa juu ya vitanda vya wavu vilivyoinuliwa, hewa ipite juu na chini yake. Rejeta nayo yataka kitanda.

Sasa yanipasa kusimulia aibu yangu. Jumamosi ya kwanza nilitoboa matundu mawili nyuma ya kasha kwa keekee, nikapitisha mipira, nikaifunga rejeta juu ya rafu iliyo juu ya meza, nikajaza maji, nikawasha mashine nzima mara moja. Iliwaka. Tulipiga makofi. Baada ya nusu saa ikazima ghafula, ikakataa kuwaka. Kifungo kimoja cha mpira kilikuwa kimelegea kwenye rejeta; tone lilitoka, likafuata mpira ulioteremka moja kwa moja, likaingia kwa tundu lile lile nililotoboa, likadondoka juu ya bodi kuu. Padri Mkuu hakunigombeza. Aliniuliza tu kama masomo ya mwaka wa sita yana nakala mahali pengine. Hayakuwa nayo.

Tuliichomoa kila kitu, tukaifuta, tukaiacha ikauke siku nne, mchana penye jua na usiku karibu na jiko la mkate. Katika siku hizo nne wenzangu wa mwaka wa sita walisoma kwa madaftari ya kuazimana, na sikupenda kula meza moja nao. Siku ya tano iliwaka. Jambo la kwanza tulilofanya, hata kabla ya kuikaza skrubu moja, ni kunakili masomo yote katika diski nyingine, ambayo sasa inakaa katika kabati ya Padri Mkuu.

Mara ya pili tulifanya hivi. Kingo za matundu tulizipiga tupa, tukazivika mpira uliopasuliwa, maana bati kali hukata bomba polepole bila kelele. Kila mpira tuliuacha uning'inie chini kuliko tundu lake, ndipo upande na kuingia. Tone likitoka, litafuata mpira mpaka penye tumbo la chini na kudondoka sakafuni, halitapanda kuingia ndani. Ni jambo dogo sana, nami ningetoa mengi kulijua wiki moja mapema.

Rejeta tuliifunga juu ya fremu ya mbao ubavuni mwa meza, sentimita 10 mbali na ukuta, karibu na dirisha. Skrubu tulizipima moja moja. Skrubu ndefu ikipita feni huingia katika mapezi na kutoboa mshipa wa maji, na hapo rejeta imekwisha. Vifungo vya mipira tulinunua vya chuma, kwa wauza vipuri vya magari wa Kamembe. Tulijaza maji ya betri, yaani maji yaliyotokana na mvuke, yasiyo na chumvi. Angalieni sana msiuziwe asidi. Mwenzangu mmoja alitaka tutumie rejeta ya pikipiki. Nilikataa, kwa sababu nyingi ni za alumini, na kipande chetu cha juu ya prosesa ni cha shaba. Madini hayo mawili yakikaa katika maji mamoja, alumini huliwa.

Wengine waliuliza kama pampu itaweza kuyapandisha maji mpaka kwenye rejeta. Mzunguko ukiisha kujaa, maji yashukayo husaidia yale yapandayo, kama mizani, na pampu hupambana na msuguano wa mabomba tu. Shida ni wakati wa kujaza, kwa kuwa hewa hukusanyika mahali pa juu. Tangi na likae juu ya pampu, na rejeta itikiswe mpaka mapovu yaishe.

Kisha tuliiendesha pampu peke yake usiku kucha, umeme wa bodi kuu umechomolewa, karatasi nyeupe zimetandazwa chini ya kila kiungo. Asubuhi karatasi moja ilikuwa na doa. Tulikaza, tukarudia usiku wa pili. Zikatoka kavu.

Saa nane mchana ya siku iliyofuata chumba kilikuwa nyuzi 29, kama siku ile. Maji ya tangini yalikuwa nyuzi 38. Rejeta ni ile ile na feni ni zile zile; zilibadilishiwa hewa tu.

Kuna aliyeniuliza kwa nini tusiyapitishe maji katika pipa lenye maji baridi, yapoe kuliko hewa. Yaweza kufanyika, lakini wakati wa masika mabomba baridi yatatoka jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo litadondoka ndani ya kasha. Nimekwisha kukausha mashine mara moja.

Hasara zipo, sitazificha. Kasha haliwezi kuhamishwa bila kumwaga maji. Feni zikiwa nje zinasikika zaidi. Vumbi huingia upesi, na kila Jumamosi mmoja wetu hupita na brashi. Maji hupungua kidogo kila mwezi, nasi huongeza. Kaka ye yote atakayepita huku likizoni na aje aione, ila asishike mpira wa kushoto: ndio ule uliovuja, na bado tunaweka karatasi chini yake.