Tasnifu ya shahada ya kwanza katika sayansi ya siasa

Tasnifu ya shahada ya kwanza katika sayansi ya siasa ni andiko la utafiti ambalo mwanafunzi wa chuo kikuu huliandaa katika mwaka wake wa mwisho chini ya usimamizi wa mhadhiri. Katika vyuo vingi vya Marekani huandikwa na wale tu wanaotaka kuhitimu kwa daraja la juu, lakini Princeton hudai tasnifu kwa karibu kila mwanafunzi.

Kazi ya msimamizi

Msimamizi hamwandikii mwanafunzi. Msaada wake mkubwa huja mwanzoni, katika kulipunguza swali. Mwanafunzi hufika akitaka kuandika kuhusu "demokrasia barani Afrika", mada isiyomalizika hata kwa vitabu kumi. Msimamizi mzuri humwongoza hadi apate swali linaloweza kujibiwa, kwa mfano kwa nini wapiga kura wa jimbo moja walipungua kati ya chaguzi mbili. Kisha humwuliza ushahidi utatoka wapi. Kama ni mahojiano, kwa kawaida kibali cha kamati ya maadili huhitajika kwanza.

Tasnifu ya Hillary Rodham

Mfano maarufu ni wa mwaka 1969, katika chuo cha Wellesley, Massachusetts. Hillary Rodham (baadaye Clinton), akisimamiwa na profesa Alan Schechter, aliandika kurasa 92 kuhusu Saul Alinsky, mwanaharakati wa Chicago aliyewapanga wakazi wa mitaa maskini wadai haki zao. Hakutegemea vitabu tu: alimhoji Alinsky mwenyewe. Pamoja na kumheshimu, alihoji kama harakati za mtaa mmoja mmoja zingeweza kutatua matatizo ya taifa zima. Alinsky alimpa nafasi ya kazi. Yeye akachagua kusomea sheria Yale.

Mume wake alipokuwa rais mwaka 1993, chuo kiliifungia tasnifu hiyo kwa ombi la Ikulu. Matokeo yalikuwa kinyume: wapinzani wake walidhani inaficha siasa kali, wala hakuna aliyeweza kuwaonyesha kilichomo. Schechter alikuja kuulaumu uamuzi huo. Tasnifu ilifunguliwa tena mwaka 2001, na waliokwenda kuisoma walikuta kazi ya kitaaluma yenye uhakiki wa wastani.