Je, Wajua? Samani kwa bei ya stempu

Mwaka 1974, Enzo Mari, mbunifu mashuhuri wa Italia, aligawa bure michoro ya samani zake. Meza, viti, vitanda, kabati: miundo 19. Aliyetaka kijitabu alilipia posta tu. Ruhusa ya kutengeneza samani hizo ilikuwa ya kila mtu, isipokuwa viwanda na wafanyabiashara.

Vifaa? Mbao za kawaida, misumari, nyundo. Hakuna maungio ya kuchonga kwa patasi, yale yanayomtisha kila anayeanza useremala nyumbani.

Meza hizo hazitikisiki. Siri yake ni mbao za mshazari chini ya meza. Fremu ya pembe nne ukiisukuma hulala upande. Pigilia ubao mmoja kutoka pembe hadi pembe, upate pembetatu mbili, na fremu haisogei tena mpaka ubao uvunjike au msumari ung'oke. Kwa yeyote mwenye meza inayoyumba, hili ndilo la kujaribu kwanza.

Mari hakuwa akitafuta urahisi wa bei tu. Alitaka mtu ajue, kwa mikono yake, kwa nini kiti kinasimama.

Miongo minne baadaye, vijana wakimbizi wa Kiafrika mjini Berlin walijifunza useremala kwa michoro hiyohiyo, katika karakana iliyoitwa Cucula. Baadhi ya viti vyao walivitia vipande vya mbao kutoka mabaki ya boti za wahamiaji kisiwani Lampedusa. Hao Mari aliwaruhusu kuviuza.