Karani Mlangoni

Katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, hesabu yote ya Tanzania ilisimama juu ya swali moja: nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne, Agosti 23? Ndilo lililozaa idadi ya watu 61,741,120. Msomaji anayetaka kumtambua karani wa kweli aanze na swali hilo, maana linamfichua tapeli kuliko kitambulisho chochote.

Sensa huuliza yaliyopo na yaliyokwisha kutokea. Karani ameketi barazani, kishikwambi mapajani, anamuuliza mkuu wa kaya umri wa kila mtu, elimu, ulemavu, watoto waliozaliwa, waliofariki, choo cha aina gani, redio, simu, mifugo. Mengine yanachoma moyo, hasa ya vifo. Lakini kuulizwa kama una ng'ombe si dalili ya wizi, na wapo waliowafukuza makarani halali kwa sababu hiyo tu. Mwizi hujali zaidi yajayo: baba anarudi saa ngapi, mchana anabaki nani, wikiendi mnasafiri? Hakuna dodoso la sensa linalohitaji kujua saa ambayo nyumba yako itakuwa tupu.

Wengi hutazama kizibao na kitambulisho cha shingoni, wakaridhika. Vitazame, soma jina, linganisha picha na uso. Ila kizibao fundi yeyote anakishona, na kitambulisho chenye nembo ya taifa kinaweza kuchapwa steshenari. Kisichochapika ni kufahamika kwa mtu huyo kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, au kwa sheha kule Zanzibar. Viongozi hawa huwatambulisha makarani kwa wananchi, na mara nyingi hutembea nao nyumba kwa nyumba. Akija peke yake, mpigie mwenyekiti kwa namba uliyo nayo wewe. Namba anayokutajia mgeni usiipige, maana atakayepokea anaweza kuwa mwenzake. Karani halali atasubiri nje bila kinyongo.

Utata huja katika miaka isiyo ya sensa. Tangu 1967 sensa ya taifa imefanyika mara sita, na kati ya 2002, 2012 na 2022 ilipita miaka kumi kumi. Hata hivyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya tafiti nyingine katikati, kama ule wa mapato na matumizi ya kaya, na hizo huchagua baadhi ya kaya tu. Kwa hiyo mdadisi anaweza kubisha kwako na kumruka jirani, naye akawa halali kabisa. Hapo pia ofisi ya mtaa ndiyo ya kuuliza.

Kuhusu fedha, sina la kurefusha. Kuhesabiwa ni bure. Hakuna ada ya fomu, hakuna faini ya kulipa papo hapo kwa simu, wala hakuna karani anayeandikisha watu wa kupokea ruzuku za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Anayetaka namba ya siri ya M-Pesa au ya benki, au tarakimu zilizoingia sasa hivi kwenye simu yako, ni tapeli. Usimjibu hata nusu.

Nasisitiza haya kwa sababu kufunga mlango kwa kila mtu nako kuna hasara, tena kubwa. Kaya isiyohesabiwa haionekani pale zahanati, madarasa na visima vinapopangwa. Karani naye amekula kiapo cha kutunza siri, na Sheria ya Takwimu inamwadhibu akitoboa habari zako. Mpe haki yake akishathibitishwa.

Ukipigiwa simu na anayejiita mtu wa sensa huku akitaka fedha, kata. Kisha itume namba yake kwa ujumbe kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa taarifa za utapeli wa simu, na umwarifu mwenyekiti siku hiyohiyo: aliyekupigia wewe huenda yuko njiani kumpigia bibi wa nyumba ya tatu.