Je, Wajua? Nywele, Ukoo na Njia ya Kazeh

Je, wajua kwamba Mwarabu aliyevuma kuliko wote katika njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda magharibi, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alikuwa mtu mweusi? Mama yake alikuwa na asili ya Maskati, lakini ukoo wa baba yake ulikwisha kuchanganya damu na Waafrika. Wazungu waliokutana naye, Stanley akiwemo mwaka 1876, waliandika kwamba sura yake ni ya Kiafrika. Hilo halikumpunguzia Uarabu wake hata chembe. Kilichohesabiwa ni baba: baba akiwa Mmurjebi, mtoto ni Mmurjebi, nywele zake ziwe za singa au za kipilipili. Na baba huyo, Muhammed bin Juma, alikaa Unyanyembe, eneo la Tabora, na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Mwarabu mkubwa wa Tabora alikuwa pia mkwe wa ikulu ya Wanyamwezi.

Sisemi kwamba njia ile ilikuwa njia ya haki. Ilipitisha watumwa, na matajiri wake walijua kudharau. Mpaka wao mkali ulikuwa kati ya mwungwana na mshenzi, lakini mpaka huo uliweza kuvukwa kwa wembe na kofia. Richard Burton, aliyefika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 1857, alizitazama nywele za Wanyamwezi kwa makini. Walizikuza hadi inchi nne au tano, wakazisokota misokoto midogo midogo mingi iliyoning'inia mpaka shingoni, na zile za mbele wakazichana kurudi nyuma, paji la uso likabaki wazi. Wanaume wa pwani, kwa upande wao, walinyoa kichwa chote. Kijana wa bara aliyetaka kuhesabiwa mwungwana alinyoa, akavaa kanzu na kofia, akajifunza kusali na kuzungumza kama watu wa Unguja. Chini ya kofia, nani atajua nywele zako zimejikunja namna gani? Tena baadhi ya wapagazi walioitwa waungwana safarini walikuwa bado watumwa wa watu huko pwani.

Je, wajua basi kipimo kingine, kile cha kumpima mtu kwa maumbile yake, kilipitia wapi? Kilipita hapo hapo Kazeh. Mwenzake Burton, John Hanning Speke, aliondoka Kazeh Julai 1858 na kuliona ziwa Nyanza tarehe 3 Agosti. Akarudi njia hiyo mwaka 1861 pamoja na James Grant, wakaendelea mpaka Karagwe kwa Mukama Rumanika. Kitabu chake cha 1863 kinawagawa watu aliowaona kwa maumbile: huku weusi wa nywele za kujikunja na pua bapa, huku Wahuma wafugaji, ambao kwa kuwatazama tu aliamini kwamba asili yao ni Uhabeshi, na kwa hiyo wamezaliwa kutawala. Hakuwa na ushahidi mwingine wa maana. Alitazama nyuso, akaandika historia. Wafugaji Watusi walikuwapo hata Unyamwezi, wakichunga ng'ombe kati ya wenyeji, na hapakuhitajika nadharia ya Uhabeshi kuelewa kwa nini mfugaji na mkulima hawafanani mwenendo.

Ubelgiji, ambayo majeshi yake yaliiteka Tabora Septemba 1916, iliipokea nadharia hiyo ya Uhabeshi na kuwahusisha nayo Watutsi ilipoitawala Rwanda na Burundi. Wataalamu walipima vichwa na pua, na miaka ya 1930 kila Mnyarwanda akaandikiwa kabila lake kwenye kitambulisho. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na aliyekutwa ameandikwa Mtutsi aliuawa. Afrika Kusini nako, chini ya sheria ya 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi, maofisa walichomeka penseli katika nywele za mtu. Ikianguka, huenda akaandikwa Mzungu, ikinasa, amekosa. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutenganishwa kwa kipimo hicho.

Je, wajua kwamba Tabora ndiko chama cha TANU kilikoamua kuhusu uchaguzi wa rangi? Serikali ya kikoloni ilileta kura tatu: kila mpigakura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kususia, na walikuwa na sababu. Katika mkutano wa Januari 1958, Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amesoma Tabora School, aliwashawishi washiriki waingie katika uchaguzi huo ili wauvunje kutoka ndani. Zuberi Mtemvu, aliyeupinga uamuzi huo, akajitoa TANU na kuanzisha chama cha Waafrika peke yao. TANU ikashinda kwa wagombea wa rangi zote tatu. Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia uwe wa Waafrika tu, Nyerere alitangaza kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Kwangu mimi, huo ndio urithi mkubwa wa mkutano wa Tabora.

Baadaye TANU hiyo hiyo ilitaka kuamua juu ya vichwa vya wanawake. Operesheni Vijana, iliyotangazwa mwishoni mwa 1968, iliyapiga marufuku mawigi pamoja na sketi fupi, na vijana wa chama wakawaandama wanawake mitaani Dar es Salaam. Kulinda Uafrika kwa kumvamia mwanamke lilikuwa kosa.

Na je, wajua nywele za kipilipili zina kazi gani? Mwaka 2023 Tina Lasisi, Nina Jablonski na wenzao walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwa sanamu ya mtu yenye kupashwa joto. Waliivika mawigi ya nywele za binadamu, zilizonyooka na zilizojikunja, kisha wakaimulika taa kali kama jua. Nywele zote zilisaidia, lakini zilizojikunja sana ndizo zilizokinga kichwa vizuri zaidi, na mwili ukahitaji jasho dogo zaidi kujipoza. Fikiria wapagazi wale wenye misokoto yao, wakitembea na pembe za ndovu begani kutoka Unyamwezi mpaka Bagamoyo.

Dawa ya kunyoosha nywele hizo, yenye magadi makali, huvunja viungo vinavyoufanya unywele ujikunje, na huweza kuunguza ngozi ya kichwa. Mtu mzima ana hiari yake. Ila mzazi unayempeleka binti saluni, nakuomba: usimwambie kwamba ana nywele mbaya, na usimtie dawa kabla hajafika umri wa kuamua mwenyewe. Msuke mtindo wa twende kilioni, umwache akacheze.